Mikono ya mbele: mteja analipia nini?

Tangu mwaka 1999, Toyota ilipoweka springi za koili mbele ya Land Cruiser 70, ekseli ya mbele ya gari hilo inashikwa na mikono miwili ya chuma. Kila mkono unafungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili, moja mbele na nyingine nyuma, kisha ncha yake inaingia kwenye chesisi. Range Rover ilikuwa na mpango kama huo tangu 1970.

Ni mpango imara, lakini mgumu kujinyonga. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe huku la kulia likishuka shimoni, kila mkono unataka kuizungusha ekseli kivyake. Ekseli haikubali. Kinachominywa ni mpira wa bushi zilizo kwenye maungio ya mkono, nao ukifika mwisho gurudumu linabaki hewani. Kama difu haina loki, gari limekwama.

Biashara inaanzia hapo. Australia kuna viwanda vinavyouza mikono mipya iliyoundwa ili ekseli ijinyonge zaidi. Marekani, wenye Ford Bronco za zamani hukata mkono mmoja na kuutia kiungo chenye pini: pini huchomolewa porini, hurudishwa kabla ya kuingia lami.

Kwetu soko la kazi hizo ni dogo. Wateja wake hasa ni watu wa mashindano kama Rhino Charge ya Kenya, yaliyoanza 1989, ambayo ushindi ni kupita vituo vyote kwa umbali mfupi kabisa. Anayekata korongo badala ya kulizunguka anahitaji kila sentimita. Gari la watalii linalokwenda Serengeti halina haja hiyo. Adui yake ni barabara yenye mikunjo kama bati, siku nzima, likiwa na abiria na mizigo.

Mwenye gari hilo huja gereji akilalamika kwamba usukani unazurura. Mara nyingi gari limeinuliwa, tuseme milimita 50, mikono ikainama na pembe ya kasta, yaani mlalo unaousaidia usukani kunyooka, ikapungua. Dawa ya bei nafuu ni bushi ambazo tundu lake halipo katikati, zinazoirudisha ekseli mahali pake. Fundi makini huchora alama ya chaki kwenye mkono kabla ya kuuweka kwenye presi, maana bushi ikiingia kichwa chini, kasta inazidi kuharibika na kazi inaanza upya.

Kuna pia bushi za plastiki ngumu, zinazosifiwa kwa kudumu. Zinadumu kweli, lakini zinaibana ekseli kuliko mpira, kwa hiyo anayeziuza kwa ahadi ya kujinyonga zaidi anauza kinyume chake. Kwa gari la kazi, mimi ningenunua za mpira za kiwandani. Kukata mkono na kuuchomelea gereji ya uchochoroni nisingekubali hata kwa punguzo: mkono ukikatika, ekseli haina kingine cha kuizuia isirudi nyuma upande huo.

Bushi zikishabadilishwa, gari lipelekwe kupimwa alaimenti, na karatasi ya vipimo idaiwe kabla ya kulipa.