Saruji Iliyoganda Bafuni

Nyumba ikishapigwa vigae, iwe Keroka, Suneka au Nyansiongo, aghalabu mwenyewe hukabidhiwa ufunguo pamoja na ukungu wa saruji juu ya vigae, matone yaliyogandamana kwenye mifereji, na gundi iliyofura kandokando ya sinki. Naye, kwa kutaka kuyaondoa upesi, hushika patasi, akaharibu kwa saa moja kazi ya wiki nzima.

Yafaa kwanza kuijua tabia ya saruji. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hataza yake mwaka 1824, haigandi kwa kupoteza maji kama udongo, bali huungana nayo ikawa jiwe, na nguvu zake hupimwa baada ya siku 28. Baridi huichelewesha, kwa hiyo fundi wa milima ya Nyamira ana wasaa zaidi ya mwenziwe wa Mombasa wa kuipangusa kwa sponji ingali mbichi.

Ikishaganda, dawa yake ni tindikali, kwani ndani yake mna chokaa. Ukungu mwepesi huondoka kwa siki: lowesha kitambaa, kilaze juu ya kigae kwa nusu saa, kisha sugua kwa brashi ya plastiki na kusuuza kwa maji mengi. Donge nene likwanguliwe kwa wembe uliolazwa, kigae kikiwa kimelowa. Ikilazimu kutumia tindikali ya chumvi, vaa glavu na miwani, fungua madirisha, lowesha kwanza viungo vya vigae visije vikainywa, na uitie tindikali katika maji, wala si maji katika tindikali. Hadhari kuu ni hii: usiichanganye kamwe na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, kwani hutoka hewa ya klorini iumizayo mapafu.

Si kila kitu kinastahimili dawa hiyo. Tindikali hula marumaru na teraso, na huchubua kromu ya mifereji, ambayo yatosha kufutwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kukwanguliwa kwa kijiti. Hata kisahani cha sabuni cha jiwe la Tabaka kisiguswe kwa chuma, kwa kuwa jiwe hilo ni laini, hukwaruzwa hata kwa ukucha.

Gundi nayo si ya aina moja. Ile ya unga wa saruji hutibiwa kama saruji. Bali silikoni haijali siki, nayo hukatwa kwa wembe taratibu, na mabaki ya gundi nyingine yakafutwa kwa spiriti. Thina isikaribie plastiki, maana huiyeyusha.

Basi, ewe mwenye kujenga, usimalize malipo ya fundi kabla hajavisafisha vigae jioni ile ile alipovibandika: ndoo ya maji na sponji ya siku hiyo ni rahisi kuliko chupa zote za tindikali za mwezi ujao.