Sanduku jeupe juu ya banderoli, na uso uliorudi

Wengi wenu mliona banderoli tuliyobeba tarehe 8 mwezi wa tatu. Kikwembe chetu mwaka huu kilikuwa cha rangi ya machungwa chenye majani ya bluu, na tuliomba mpiga chapa aweke majani yaleyale nyuma ya maandishi. Katikati, alama ya chama: mikono miwili inashika kikapu. Kwenye ordinatere kila kitu kilionekana kizuri. Barabarani tukaona mikono miwili ndani ya sanduku jeupe, kama karatasi ya dawa iliyobandikwa juu ya nguo ya sikukuu. Mama mmoja wa Kadutu akauliza kwa sauti, "Nani amebandika karatasi pale?" Tulicheka, lakini pesa za michango zilikuwa zimekwisha kutoka.

Mpiga chapa hakukosa. Sisi ndio tulimpa faili ya JPEG, na JPEG haijui kitu kinachoitwa wazi. Kila nukta ya JPEG lazima iwe na rangi. Ukiondoa kitu nyuma ya alama na kuhifadhi kwa JPEG, pale palipokuwa wazi patajazwa rangi, mara nyingi nyeupe, na nyeupe ile itakwenda nayo popote. Juu ya karatasi nyeupe hutaiona. Juu ya kikwembe, kila mtu ataiona.

Mimi ndiye ninayepanga kurasa za gazeti letu hili kila juma, na tangu siku ile nilitaka kuelewa vizuri kazi hii ya kukata foto. Nimeona pia mabinti wetu wengi wanaifanya sasa kwa telefone, kwa ajili ya mialiko ya ndoa, karatasi za matanga na kalenda za kwaya. Basi naandika yale niliyoyajua kwa kukosea.

Faili inayokubali nyuma wazi ni PNG. Ndani yake kila nukta ina rangi yake, na juu ya hiyo ina kipimo cha pili kinachosema nukta hiyo inafunika kwa kadiri gani: yote, nusu, au hata kidogo. Kipimo hicho kinaitwa kanali ya alfa. Kwenye GIMP, programu ya bure ambayo tunatumia hapa ofisini, unafungua foto, unakwenda kwenye Calque, kisha Transparence, kisha Ajouter un canal alpha. Usipofanya hivyo kwanza, kufuta hakutaacha wazi, kutaacha rangi nyingine tu. Pale palipo wazi kikweli utaona viraka vya kijivu na kijivu hafifu kama sakafu ya vigae. Lakini jihadharini na picha za kwenye intaneti: nyingine zina viraka hivyo vimechorwa ndani ya picha yenyewe, na ukiiweka kwenye ukurasa utachapa sakafu ya vigae nyuma ya bibi harusi.

Njia ambayo faili inapita nayo inaweza kuiharibu. Binti yangu alikata foto ya mama mkwe vizuri sana, akanitumia kwa WhatsApp kama foto ya kawaida. Ilifika ikiwa na rangi nyuma na imepunguzwa ukubwa. Foto inayotumwa namna ile inabanwa na kugeuzwa kuwa JPEG njiani. Itumeni kama dokima, yaani faili, ndipo itafika kama ilivyotoka. Au chukua kadi ya USB uende nayo kwa miguu, hakuna aibu.

Ukubwa ndio unaotuumiza zaidi wakati wa matanga. Familia inaleta foto ya ndoa ya miaka kumi iliyopita, watu wanane wamesimama kwa mstari, na marehemu ni wa tatu kutoka kushoto. Ndiyo foto pekee. Tufanye hesabu. Ikiwa foto ile ilipita kwa WhatsApp na ikabaki na nukta 1600 kwa upana, fungu la mama mmoja ni nukta 200 hivi. Kazi safi ya kuchapa inataka nukta 300 kwa kila inchi, na inchi ni sentimeta 2.54. Kwa hiyo mama yule ataenea sentimeta 1.7 tu, ukubwa wa kidole gumba. Lakini ikiwa mtu mmoja katika familia ana faili ya kwanza, yenye nukta 4000, fungu lake ni nukta 500, na hiyo inatoa zaidi ya sentimeta 4. Kwa karatasi ya fotokopi kama hii yetu, nukta 200 kwa inchi zinatosha, basi hata sentimeta 6 zinawezekana. Kabla ya kukata chochote, ulizeni: nani alipiga foto hii, na telefone yake iko wapi? Kukuza foto ndogo hakuongezi nukta za kweli, kunaongeza ukungu.

Kuhusu kukata kwenyewe. Programu za telefone zinazoondoa nyuma kwa mguso mmoja ni za haraka, na siwakatazi. Lakini zitazameni vizuri. Kwetu zimekata ncha za kilemba, zimekula vidole, na mara moja zilimwacha mtoto mgongoni bila mguu. Nywele zilizosukwa zinageuka kuwa kofia. Foto ikipigwa mbele ya ukuta mtupu wenye rangi tofauti na nguo na ngozi, kivulini karibu na mlango, kazi yote inakuwa nusu. Mama aliyevaa nyeusi mbele ya pazia jeusi usiku, hata fundi atapotea.

Ukimaliza kukata, usiamini nyeupe ya ordinatere. Weka chini ya foto tabaka moja la rangi kali, nyekundu au kijani kibichi. Papo hapo utaona uzi mweupe umezunguka kichwa, mabaki ya ukuta wa zamani. Huo uondoe kwa kupunguza uteuzi nukta moja au mbili (Sélection, Réduire), kisha kulainisha ukingo kidogo kwa Adoucir, nukta moja inatosha. Ukizidisha, mtu ataonekana kama amekatwa kwenye moshi. Kisha ondoa lile tabaka la rangi kabla ya kutoa PNG. Mimi niliwahi kulisahau.

Kuna mambo ambayo mashine ya kuchapa haiyapendi. Kivuli laini chini ya mtu kinapendeza kwenye kioo cha ordinatere, lakini kwenye fotokopi kinageuka kuwa uchafu wa kijivu. Kwa tisheti zinazochapwa kwa fremu ya kitambaa na rangi moja ndiyo mbaya zaidi, sababu wino unapita au haupiti, hakuna nusu. Kwa kazi ile mpeni fundi alama yenye kingo kali. Na alama ya chama ikichorwa kwa mistari, katika SVG au PDF, inaweza kukuzwa hata mita tatu bila kuharibika. Alama yetu sasa imechorwa hivyo upya. Kuhusu rangi, PNG inabeba rangi za kioo, nyekundu, kijani na bluu, wakati mashine kubwa inachapa kwa wino nne; bluu yenye kung'aa itazimika kidogo karatasini. Ombeni karatasi moja ya kujaribu kabla ya 200.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miezi iliyopita mjane mmoja alikubali kutueleza namna wakwe zake walivyomtoa kwenye parsele aliyojenga na mume wake. Alitaka wamama wengine wasome. Alitaka foto pia, lakini bila uso, kwa sababu kesi ilikuwa bado na watoto wake wanapita njia ileile kila siku. Nilimpiga foto mbele ya nyumba anakolala sasa. Jioni nikakata. Nikaondoa mlango na mti wa avoka nyuma yake, nikaondoa uso, nikaacha kilemba na mabega. Nilitumia kifuniko cha tabaka, kile GIMP inachoita masque de calque, sababu nilikuwa nimejifunza kwamba ni bora kuliko kifutio: ukikosea unarudisha. Nikabeba faili kwa kijana anayetusaidia kupanga kurasa.

Akafungua. Akabonyeza mara moja. "Mama, uso huu hapa, ulikuwa umefichwa. Niurudishe?"

Nilikaa kimya. Alikuwa hajui kitu, alitaka kusaidia. Uso wa yule mama ulikuwa ukitutazama katika chumba chenye watu wanne wanaongoja fotokopi. Nilimwomba afunge, nikafuta faili kwenye masine yake na kwenye kadi, nikarudi nyumbani.

Kuwa wazi si kutokuwapo. Kifuniko kinaficha tu, kilicho chini kinabaki katika faili ya kazi. Hata kifutio kinaweza kukudanganya: GIMP inaweza kuhifadhi rangi za nukta zilizokuwa wazi hata ndani ya PNG, ikiwa kisanduku chake kimetiwa alama wakati wa kutoa. Katika Word, ukikata foto kwa kuvuta kingo, sehemu iliyokatwa bado imo, mtu yeyote anaweza kuivuta irudi, mpaka uende kwenye Compresser les images na kuchagua kuondoa sehemu zilizokatwa. Katika Scribus, fremu inaonyesha kipande, lakini faili ya foto unayompelekea mpiga chapa pamoja nayo ni nzima. Na JPEG kutoka kwa telefone inaweza kubeba mahali ilipopigwa, pamoja na picha ndogo ya kutazama, ambayo pengine inaonyesha uso ule uliokuwa kabla hujaufuta.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Natengeneza nakala. Juu ya uso napaka rangi moja nzito, si ukungu, si viraka. Kisha Image, Aplatir l'image, ili matabaka yote yawe moja na kilichofunikwa kipotee. Natoa faili mpya yenye jina jipya, na wakati wa kutoa naondoa alama kwenye Exif na kwenye vignette. Kisha naifungua tena faili ile mpya, peke yake, natafuta kama naweza kurudisha kitu. Ni hiyo tu inayotoka nyumbani. Ile ya kazi haiendi kwa mpiga chapa, haiendi kwa WhatsApp, na baada ya gazeti kutoka naifuta.

Nilimrudia mjane, nikamweleza yaliyotokea. Sikutaka alijue kwa mtu mwingine. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba kuona foto mpya. Nilikuwa nimegeuza umbo lake lote kuwa jeusi, bila nguo, bila nyumba, kivuli tu juu ya nyuma wazi. Nilidhani nimeshinda.

Akaitazama. "Bado ni mimi," akasema. "Tazama namna ninavyofunga kilemba. Sokoni wote wanajua fundo hili, lilikuwa la mama yangu."

Programu gani ingeniambia hilo? Tuliiacha foto ile. Tulitandika shuka jeupe juu ya meza karibu na mlango, akaweka mikono yake juu, bila pete, bila kikwembe kuonekana, nikapiga tatu. Nilikata moja, nikaijaribu juu ya rangi nyekundu, nikaitoa kwa upana wa sentimeta 8, nukta 200 kwa inchi, yaani nukta 630. Alikaa karibu nami mpaka mwisho, akakubali faili ile kwa kuiona mwenyewe, na zile nyingine mbili akazifuta kwenye telefone yangu kwa kidole chake.

Mikono hiyo iko ukurasa wa tatu, pembeni ya maneno yake.