Vinara wa Majivu

Kwa kupenda msitu ulioungua, namba moja ni kigong'ota mgongo-mweusi wa Amerika Kaskazini. Sioni wa kumpinga. Misonobari ikishateketea hadi magome yakawa mkaa, wengine wanahama, yeye ndiyo kwanza anahamia. Akijibandika kwenye shina lililoungua, mgongo wake unapotelea humo humo. Anabandua gome, anatoboa, anachomoa buu la mbawakawa, anarudi tunduni kwa makinda. Mbawakawa nao wana bingwa wao: wale wa jenasi Melanophila wana viungo vya kuhisi joto la moto karibu na miguu ya kati, na hufika kutaga magogo yakiwa bado yanafuka moshi.

Shibe hiyo haidumu. Ndani ya muongo mmoja hivi mabuu hupungua, na kigong'ota hutafuta mahame mapya. Wala usidhani anataka kila kitu kiwe jivu. Katika milima ya Sierra Nevada, California, hupendelea kutoboa kiota karibu na ukingo wa miti iliyo hai, maana makinda wakianza kuruka huhitaji majani ya kujifichia.

Huko huko California, ndege wa aina nyingi zaidi hupatikana pale moto ulipopita kwa mabaka: hapa umeteketeza, pale umelamba majani makavu tu. Tofauti hiyo huzidi kuonekana miaka inavyosonga.

Taji la uteuzi namvika kijindege wa Kirtland, wa Michigan. Hutaga chini, tena chini ya misonobari michanga tu, yenye umri wa miaka 5 hadi 20 hivi. Koni za misonobari hiyo zimefungwa kwa utomvu na hufunguka kwa joto kali. Watu walipozoea kuzima kila moto, vichaka vichanga vikaadimika. Mwaka 1974 walihesabiwa madume 167 tu waimbao. Tarehe 5 Mei 1980 maofisa wa misitu waliwasha moto kwa makusudi ili kumtengenezea makazi. Ukawaponyoka, ukaua mzimamoto mmoja na kuteketeza nyumba kadhaa pale Mack Lake. Miaka ilipopita, misonobari iliyoota juu ya majivu hayo ikajaa vijindege. Upandaji miti na udhibiti wa ndege wanaotaga kwenye viota vyake vilisaidia pia, na mwaka 2019 akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

Hasara kubwa: moto wa Australia, 2019 hadi 2020. Ndege waliokufa au kupoteza makazi wanakadiriwa kufikia milioni 180.

Na mtuhumiwa mkuu wa kueneza moto? Wenyeji wa kaskazini mwa Australia wanawataja mwewe wa aina mbili na kipanga mmoja: wanaokota kijiti kinachowaka, wanakidondosha kwenye nyasi kavu, kisha wanasubiri panya na mijusi watoke mbio. Simulizi hizo zilikusanywa kitaalamu mwaka 2017, na wazima moto kadhaa wakaongeza za kwao.