Mvumilivu Hula Mbivu

Methali hii twaijua sote, lakini wengi twaitumia vibaya. Tazameni kwanza maneno yenyewe. "Hula" yaonyesha desturi, si jambo la mara moja. "Mbivu" haikutajiwa jina. Yafaa ndizi, ambayo haiivi upesi kwa kubonyezwabonyezwa.

Basi aambiwe nani? Aambiwe mtu ambaye kazi yake i mkononi. Dakta John Williamson, Mkanada, alizunguka huku kwetu Shinyanga miaka kadhaa akitafuta almasi, mpaka akaipata Mwadui mwaka 1940. Methali ingemfaa huyo. Angalikaa kivulini, subira yake ingalikuwa uvivu tu.

Lakini kijana wa Geita akidai ujira wake, naye mwenye duara akamjibu, "Mvumilivu hula mbivu," hayo si mafundisho, ni dhuluma. Mdaiwa hana ruhusa ya kumhimiza mdai avumilie.

Muhula huu mwenzetu mmoja alitaka kuacha masomo aende kwenye makarasha ya dhahabu. Nikamwambia methali hii. Akaniuliza, "Na mama yangu ale nini, ndizi zikingali mbichi?" Jibu la hapo halimo katika methali. Tulikwenda naye kwa mwalimu wa malezi jioni ileile.