Je, Wajua? Kifaranga wa bata anaweza kufa maji

Kuanzia Muhuru Bay, Migori, hadi Mbita, Homa Bay, Ziwa Victoria liko mlangoni, na wengi hudhani kifaranga wa bata hahitaji kulindwa dhidi ya maji. Sivyo.

Mayai ya bata wa kawaida huanguliwa kwa siku 28 hivi; ya bata aina ya Muscovy, takriban 35. Kifaranga akijibanza chini ya mamake, hupakwa mafuta ya manyoya ya mama. Aliyeanguliwa na kuku au mashine hana kinga hiyo: malaika yake hulowa, baridi humwingia, naye anaweza kufa hata kwenye karai.

Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hivi za Selsiasi, kisha lipunguzwe taratibu. Chombo cha kunywea kitoshe kuzamisha mdomo na pua, si mwili. Nje atolewe kwa muda mfupi, umande ukishakauka, ndani ya wavu uliofunikwa juu. Mwewe na kenge wa ufuoni hawana huruma.

Na chakula je? Omena wakisagwa huongeza protini na niasini, vitamini ambayo kifaranga wa bata huhitaji zaidi kuliko wa kuku. Ikipungua, miguu hupinda.