Kijana wa Newala na Somo la Fizikia

Katika Masasi na Newala msimu wa korosho na mtihani wa kidato cha nne huja pamoja. Mwezi wa Novemba, wakati mabibo yangali yakianguka na magunia yakipelekwa ghalani, kijana wa miaka 16 au 17 huketi kufanya mtihani ambao utamfungulia njia au utamfungia. Kabla ya siku hiyo amekwisha kutakiwa ajaze fomu, aeleze akifaulu atapenda kusoma masomo gani katika kidato cha tano. Hapo ndipo neno fizikia linapotajwa nyumbani, na mara nyingi hujibiwa kwa kimya. Baba hajui ni kazi ya namna gani. Mjomba, ambaye kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake, hushauri masomo ambayo kazi yake yajulikana. Basi kijana huandika jambo jingine.

Sisi twaona kwamba kimya hicho chatutia hasara, nasi tungependa wazee wetu wajue fizikia ni nini kabla hawajamshauri kijana aiache.

Tuanze na maji, maana hakuna mtu wa Newala asiyeyajua mambo yake. Uwanda wa Makonde una mchanga mwingi. Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini na kutokea chini bondeni. Kwa miaka mingi mama zetu waliteremka genge kuyafuata, wakapanda tena na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, na maji yakaanza kupandishwa kwa mashine. Chanzo chake kikubwa ni Mitema, katika bonde la Kitangari.

Watu wengi hudhani kwamba pampu huvuta maji kama mtu anywavyo dafu kwa mrija. Lakini mashine hata iwe kubwa namna gani haiwezi kuyanyonya maji kupita kimo cha mita 10 hivi, kwa kuwa kinachoyapandisha si mashine hasa, bali ni uzito wa hewa unaoyakandamiza kwa nje. Mwitalia Torricelli alilieleza jambo hilo katika karne ya 17. Ndiyo maana maji ya uwandani hayawezi kuvutwa kutoka juu. Hayana budi kusukumwa kutoka chini.

Sasa tuchukue ndoo moja ya lita 20, na tuseme yapandishwa mita 300. Kazi itakiwayo ni karibu jouli 59,000. Uniti moja ya umeme, ile inunuliwayo kwa LUKU, ni jouli 3,600,000. Kama hakuna kinachopotea njiani, uniti moja yatosha kupandisha ndoo 60. Bila shaka katika mashine na mabomba hupotea nyingi, na tukisema imepotea nusu, zabaki ndoo 30. Mama aliyepanda genge na ndoo moja kichwani aliifanya kazi hiyo kwa miguu yake, tena pamoja na kuupandisha mwili wake mwenyewe, ambao ni mzito kuliko ndoo. Hesabu hiyo ni ya fizikia ya sekondari, wala haina uchawi. Kijana anayeiweza ndiye atakayesimama siku moja mbele ya bomba kavu la kijiji chake na kujua kama pampu imepungua nguvu, au bomba lavuja mahali, au ni maneno matupu anayoambiwa.

Wala si maji peke yake. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mwezi huo huo mwaka 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija katika pwani ya Msumbiji ya kaskazini, watu wa Mtwara walionywa mapema, kwa sababu walikuwako watu wa kusoma picha za setilaiti na kupima mwendo wa hewa. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilitafutwa kwa kupima mawimbi yanavyopita katika miamba. Na mgonjwa wa saratani anayepelekwa Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, hupigwa mionzi ambayo kipimo chake hukokotolewa na mtaalamu wa fizikia. Daktari hatoshi peke yake.

Mfano wa kijana tunaoupenda zaidi hautoki kusini, bali Tanga. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyaweka yake yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Ndipo Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na wanafunzi, naye kijana akasimama akauliza mbele ya wote. Wenzake walicheka, lakini profesa aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa Uingereza. Hata leo wataalamu wa dunia wanabishana juu ya jambo hilo.

Mpemba mwenyewe hakuwa mtaalamu wa fizikia. Alikwenda katika kazi ya wanyamapori. Wako watakaosema basi somo lile lilimpotea bure. Sisi hatukubali. Lakini twajiuliza, ni vijana wangapi wa Chidya, wa Ndanda, wa Nangwanda au wa sekondari ya wasichana ya Masasi waliokuwa na swali kama lile, wakaambiwa wakae chini?

Kwa kijana anayetaka kuifuata njia hii twasema wazi: hisabati haikwepeki. Asiyeipenda hisabati asiichague fizikia kwa ajili ya sifa, maana ataumia. Lakini anayesumbuliwa na swali, akawa tayari kulihesabu, asitishwe na mtu anayemwambia kwamba mwisho wake ni kufundisha tu. Kwanza, kufundisha fizikia uwandani si kazi ndogo. Mwalimu mmoja hodari aweza kutoa mafundi na wahandisi wa wilaya nzima. Pili, milango ni mingi. Kiko Chuo cha Maji, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1974, iko Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na viko vyuo vikuu. Ada ya sekondari iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Hatusemi kwamba gharama zimekwisha. Nauli, madaftari na sare vyaendelea kuwa mzigo wa mkulima.

Linalobaki ni la wazazi na kamati zetu. Mzazi akimwondoa mtoto darasani mwezi wa Oktoba akaokote korosho, amechagua kwa niaba yake. Na katika kikao cha shule tusiulize juu ya madawati peke yake. Tuulize mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye karibu atatakiwa aseme kama ataendelea na fizikia au ataiacha, amegusa vifaa vya maabara mara ngapi mwaka huu. Jibu likiwa hajagusa kamwe, mwalimu aweza kuanza kesho kwa kamba, ndoo, saa na mizani ya korosho iliyolala ghalani baada ya msimu.