Koili ya Shaba na Maji Mawili ya Mlima Meru

Maji ya Arusha huchemka mapema. Mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho sufuria hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kwa anayepika bia nyumbani tofauti hiyo si kitu kikubwa. Ataongeza dakika chache za kuchemsha, basi. Kazi yenyewe huanza moto ukishazimwa. Hapo ana lita 20 za mchuzi wa kimea, mtamu na wa moto, na hamira haiwezi kutiwa mpaka joto lishuke hadi nyuzi 20 na ushei. Akiufunika na kuuacha upoe wenyewe, utalala hadi asubuhi ukiwa bado vuguvugu. Ni katika saa hizo ndipo bia nyingi za nyumbani huharibika.

Juu ya nyuzi 60 bakteria wengi hawana nguvu ya kuzaliana. Chini ya hapo, sukari ile ile iliyoandaliwa kwa ajili ya hamira inakuwa chakula cha kila mdudu aliyetua kwenye mwiko, mfuniko au vumbi. Kuna na jambo la harufu. Kimea cha shayiri chenye rangi hafifu, kikiwa cha moto, huzalisha kemikali ya salfa inayonuka kama mahindi ya kuchemsha. Sufuria ikitokota wazi, kemikali hiyo huondoka na mvuke. Moto ukizimwa, inaendelea kuzaliwa ila haina tena njia ya kutoka. Protini nazo zikipozwa haraka hushikana na kuzama chini, lakini zikipoa polepole nyingi hubaki zikielea na kuifanya bia iwe na ukungu.

Wapishi wa mbege, kule Uchagani na kwa Wameru wanaopika pombe ya ndizi na ulezi, wanajua umuhimu wa kupoza. Uji wa kimea cha ulezi hauchanganywi na maji ya ndizi yaliyokwisha kuchacha mpaka upoe, maana uji wa moto ungeua hamira iliyomo kwenye ndizi. Lakini pombe yao ina kinga ambayo bia ya shayiri haina. Maji ya ndizi huingia kwenye mchanganyiko yakiwa tayari makali na yamejaa hamira hai, kwa hiyo bakteria wageni hukuta nyumba ina wenyewe. Mchuzi wa shayiri huingia kwenye ndoo bila ukali wa kutosha na bila hamira yoyote iliyo hai. Kinga yake ni usafi na kasi ya kupoza.

Zamani viwanda vya Ulaya viliumwaga mchuzi huo kwenye matangi mapana ya kina kifupi ili upepo ufanye kazi, na baadhi ya wapishi wa Ubelgiji wanafanya hivyo hadi leo kwa makusudi, wakitaka hamira ya hewani iingie. Viwanda vya sasa hutumia mabamba ya chuma yaliyopangwa safu, mchuzi ukipita upande mmoja na maji baridi upande wa pili. Nyumbani, kinachofaa zaidi ni koili ya shaba inayozamishwa ndani ya sufuria huku maji ya bomba yakipita ndani yake.

Bomba lake linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya friji. Omba la shaba laini, lile linalouzwa likiwa limeviringishwa, lenye unene wa milimita 10 hivi. Mita 10 zinatosha kwa lita 20. Lizungushe taratibu kwenye kopo la rangi au ndoo iliyojazwa mchanga, nyembamba kuliko sufuria yako, ukiacha nafasi ya kidole kati ya mzunguko na mzunguko ili mchuzi upite. Mizunguko mipana hiyo haina taabu. Penye hatari ni pale juu, ambapo ncha mbili hupinda kutoka nje ya sufuria; kona kali huminya bomba na kuziba njia. Hapo mwombe fundi wa friji springi yake ya kukunjia, ni kazi ya dakika moja.

Ncha zote mbili zivuke ukingo wa sufuria na zielekee chini kwa nje, kisha uzivalishe mpira wa maji na kuzikaza kwa klipu. Sisitizo langu kubwa liko hapa: kusiwe na kiungo chochote ndani ya sufuria. Kiungo kikivuja nje, kinalowesha sakafu. Kikivuja ndani, kinatia maji mabichi kwenye bia. Kama huna budi kuunga bomba, tumia lehemu isiyo na risasi. Kabla ya siku ya kupika, pitisha maji kwa nguvu na ukague kila sehemu, halafu isugue koili kwa siki na kuisuuza mpaka ing'ae. Ukijani wowote kwenye shaba uondolewe. Siku yenyewe, izamishe kwenye mchuzi unaotokota dakika 15 za mwisho, nayo itakuwa imechemshwa pamoja na bia.

Sasa tupige hesabu. Kushusha lita 20 kutoka nyuzi 95 hadi 25 ni kuondoa joto la kilojuli 5,900 hivi, sawa na uniti 1.6 za umeme. Tuseme maji ya bomba yanaingia yakiwa nyuzi 20 na yanatoka, kwa wastani, yakiwa nyuzi 40. Kila lita inabeba kilojuli 84, kwa hiyo zinahitajika lita 70, yaani madumu matatu na nusu. Mwenye tangi lililoinuliwa mita tatu atapata lita 3 hivi kwa dakika, na kazi itamchukua karibu nusu saa.

Muda huo unategemea mkono wako. Koili ikikaa tuli, mchuzi uliopoa huizunguka kama blanketi na kuukinga ule wa moto usiifikie shaba. Itikise taratibu wakati wote. Pia usikate tamaa mwishoni: kasi ya kupoa hufuata tofauti ya joto kati ya mchuzi na maji, kwa hiyo kushuka kutoka 45 hadi 25 huchukua muda mrefu kuliko kutoka 95 hadi 45. Na kamwe hutapita joto la maji yanayoingia. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, wakazi wa Arusha wana bahati. Miezi ya joto, maji ya tangi lililopigwa na jua mchana kutwa hayafai, basi pika usiku au pitisha mpira kwanza kwenye ndoo ya barafu.

Lakini kinachonifanya niipende koili katika mji huu ni floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huitia kwenye chemchemi, mito na visima vingi, na meno ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai na Ngarenanyuki ni ushahidi wake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya huku yanakivuka mbali. Kuchemsha hakuiondoi. Ukianza na lita 25 na kumaliza na 20, floraidi imebaki yote kwenye maji machache, na kiwango chake kimepanda kwa robo nzima. Kwa hiyo maji ya kupikia bia yawe ya mvua, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, ile njia iliyofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Maji hayo ni machache na yana gharama. Ya kupozea hayagusani na mchuzi hata tone, kwa hiyo yanaweza kuwa ya kisima chochote. Yakitoka, yale ya kwanza ni ya moto sana na yanafaa kuoshea vyombo. Yanayofuata yaende kwenye migomba. Yasirudi kwenye birika la chai.

Jirani akiiona koili atafikiria gongo, na ana haki, maana mtambo wa gongo nao una bomba la kupozea. Tofauti ni kwamba kule mvuke wa pombe hupita ndani ya bomba na maji huwa nje. Hapa maji yako ndani na hakuna kinachokenekwa. Gongo ilidhibitiwa kwa sheria ya mwaka 1966, na kuuza pombe ya aina yoyote kunataka leseni chini ya Sheria ya Vileo ya 1968. Mweleze jirani mapema, na umwalike aangalie.

Kipimajoto kikifika 25, funga maji, toa koili na umimine mchuzi kwenye ndoo kutoka juu ili upate hewa. Hamira inahitaji oksijeni mwanzoni. Tia hamira, funika. Koili ioshwe hapo hapo na ipulizwe mpaka maji yaishe ndani, kisha itundikwe ikauke.